Mume wangu ana orodha ya pabu kumi na mbili, nami nina watoto watatu

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie kabla sijaiharibu safari tuliyoiwekea akiba karibu miaka miwili. Mwezi wa Agosti, shule zikifungwa, tunakwenda London kwa siku sita. Tutakuwa mimi na mume wangu, watoto wetu watatu (mvulana wa miaka 15, msichana wa miaka 11 na kitinda mimba wa miaka 6), pamoja na mama mkwe wangu ambaye magoti yanamsumbua.

Kinachonikosesha usingizi ni orodha. Mume wangu ameandika pabu kumi na mbili za London anazotaka kuziona, zile nyumba za Kiingereza za chakula na pombe, akaibandika orodha kwenye friji. Anazipenda kwa dhati, hilo silikatai. Anajua ipi ilijengwa upya baada ya Moto Mkuu wa London na ipi ilikuwa kituo cha magari ya farasi, na anaweza kukueleza habari za meko na mihimili ya dari hadi chai ipoe. Si mlevi, sijawahi kumwona amelewa. Mimi sinywi, na mama mkwe hanywi kwa sababu ya imani yake.

Kinachonitisha ni yaliyotupata Dublin, Ireland. Mwaka jana, mwezi wa Aprili, tulikaa huko siku nne. Siku ya kwanza alituambia tuingie mahali fulani karibu na Temple Bar, mtaa wa pabu, kwa nusu saa tu. Nusu saa ikawa saa tatu. Siku ya pili akabaki na pabu zake, mimi nikawapeleka watoto kwenye bustani ya wanyama ndani ya Phoenix Park. Siku ya tatu nikapanga foleni nao kukiona Kitabu cha Kells, kitabu cha kale cha Injili chenye michoro ya rangi, pale chuoni Trinity College. Binti yangu anapenda sana kuchora. Alipoziona zile kurasa za miaka kama elfu moja na mia mbili, na rangi bado ziko hai, aligeuka nyuma kumtafuta baba yake amwonyeshe. Baba hakuwepo.

Usiku huohuo tulikuwa sote kwenye pabu yenye muziki. Ilipofika saa tatu, mhudumu akaja kwa adabu akasema watoto hawaruhusiwi kuendelea kukaa. Mume wangu akasema, "Tangulieni, wimbo huu ukiisha nakuja." Nilimbeba mdogo akiwa amelala, mvua inatunyeshea, mpaka hotelini. Yeye alirudi saa tano na nusu, ana furaha, anaimba. Sikusema neno. Mpaka leo sijasema.

Sasa kila nikifungua friji moyo unauma. Nimewaza kumwambia kwamba tukiwa na watoto hatuingii pabu hata moja. Nimewaza hata kumwambia aende na rafiki zake, mimi nibaki na wanangu. Mkubwa naye ameanza kuuliza kama huko ataruhusiwa kuonja bia. Mama mkwe ameniuliza mara mbili, "Baa za nini na wajukuu zangu?" nami sijui nimjibu nini bila kumvunjia heshima mwanawe. Je, mimi ndiye mwenye makosa? Na hizi siku sita nizipangeje?

Mama Watatu

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama palepale: binti yako anageuka kumtafuta baba yake. Umeniandikia habari za pabu, lakini kidonda chako ni kuachwa. Mumeo angetumia zile saa tatu kwenye duka la vitabu, bado ungebeba mtoto peke yako kwenye mvua, na bado ungeniandikia. Kwa hiyo ukipiga marufuku pabu zote kumi na mbili, huenda akakubali, akaburuta miguu siku sita, na neno la Dublin likaendelea kukaa kooni mwako kama mwiba wa samaki.

Ulitoe kabla ya kupanda ndege. Chagua jioni ambayo mama mkwe hayupo sebuleni, kwa maana mtu mzima hasahihishwi mbele ya mama yake. Usianze na orodha. Anza na binti yenu. Mwambie: "Siku ile ya Kitabu cha Kells mtoto alikutafuta akuonyeshe rangi. Usiku ule nilimbeba mdogo peke yangu kwenye mvua. Niliumia na sikukwambia. London sitaki iwe hivyo." Kisha nyamaza umwache ajibu. Namdhania mema: mtu anayeimba akirudi hotelini, huenda hata hajui kwamba kuna aliyelia. Hilo halimwondolei kosa, ila linakupa njia ya kuzungumza naye.

Nije kwenye swali la watoto. Waingereza wana sheria ya leseni ya mwaka 2003. Mtoto wa chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa mahali ambapo kazi yake kuu ni kuuza pombe bila kuandamana na mtu mzima. Akiwa na mzazi, sheria haimzuii. Ila kila mwenye pabu ana haki ya kuweka masharti yake, na wengi huwataka watoto wawe wameondoka jioni ikianza kukolea. Mhudumu wa Dublin aliyewatoa saa tatu alikuwa anatii sheria ya Ireland, ambako mtoto wa chini ya miaka 15 hukaa na mzazi wake hadi saa tatu usiku, na hadi saa nne kuanzia Mei mpaka Septemba. Aliwatendea haki. Mumeo ndiye aliyepaswa kusimama pamoja nanyi.

Ujue pia kwamba neno "baa" linakuletea picha ambayo mchana, kwenye pabu nyingi za zamani za London, hutaikuta. Pabu ni kifupisho cha maneno yenye maana ya nyumba iliyo wazi kwa watu wote. Saa saba mchana utawaona wazee wanasoma gazeti, mbwa amelala chini ya meza, na familia inakula samaki na chipsi. Moshi wa sigara haumo ndani tangu Julai 2007, ingawa kwenye ua na bustani za nje unaweza kuukuta. Usiku hali ni nyingine, hasa Ijumaa, watu wakitoka kazini. Wewe unayo sababu ya kuukataa usiku. Mchana ningekuomba uupe nafasi.

Basi mpango wangu ni huu. Pabu moja kwa siku, wakati wa chakula cha mchana, na iwe njiani. Miguu ya watoto ikichoka na magoti ya bibi yakidai kiti, hapo ndipo mnapoingia. Mkishashiba mnatoka pamoja, wote sita. Na mumeo, kwa kila pabu atakayoichagua, awe na deni la hadithi: dakika kumi mezani, awaeleze watoto nyumba ile ilianzaje na inahusiana vipi na mnachokwenda kukiona. Mtu anayejua habari za meko na mihimili hadi chai ipoe hajapewa tu wasikilizaji. Wape wanawe kazi hiyo ya kumsikiliza, naye mpe kazi ya kuwaongoza.

Tazama jinsi inavyowezekana. Barabara ya Fleet, ndani ya kichochoro, ipo Ye Olde Cheshire Cheese. Iliungua kwenye Moto Mkuu wa 1666 na ikajengwa upya mwaka uliofuata, na pale nje kuna ubao unaotaja wafalme na malkia waliotawala tangu wakati huo. Mwache baba asimulie moto ule mezani. Halafu mkitoka, mwendo mfupi tu kuelekea mashariki, mnaliona Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, ambalo msanifu majengo Christopher Wren alilijenga kuanzia 1675 badala ya lile lililoteketea. Mtoto aliyesikia moto akiwa anakula chipsi ataliangalia lile kuba kwa macho mengine kabisa. Nakuonya tu kuhusu ngazi: nyumba ile ina vyumba vya chini vyenye ngazi nyembamba za kale, kwa hiyo mtafutieni bibi kiti kwenye sakafu ya mlangoni, na vyumba vya chini waende watoto.

Karibu na hapo, mbele ya stesheni ya Blackfriars, ipo The Blackfriar, nyembamba kama kipande cha keki. Eneo lile zamani lilikuwa na nyumba ya watawa wa Kidominiko. Mwaka 1905 pabu ilipambwa upya, na ndani ukutani wamejaa watawa wa shaba na mawe, wanaimba, wanavua samaki, wanachuma zabibu. Miaka ya 1960 ilikuwa ibomolewe, na mshairi John Betjeman akawa miongoni mwa waliopigana ibaki. Binti yako aende na daftari lake la kuchorea, na baba yake akae kando yake anapochora. Hapa nasisitiza. Deni la Kells lilipwe hapa.

Siku ya Southwark ndiyo nyepesi kwenu. The George, kwenye barabara ya Borough High, ndiyo nyumba pekee ya wasafiri iliyobaki London yenye zile roshani ndefu za mbao zinazotazama ua. Ilijengwa upya baada ya moto wa Southwark wa 1676, na siku hizi inamilikiwa na National Trust, shirika linalotunza urithi wa Uingereza. Kaeni uani ikiwa jua linawaka. Waambieni watoto wafikirie magari ya farasi yakiingia pale, na abiria wenye vumbi wakishushwa na masanduku yao. Soko la Borough liko jirani, na mkifuata mto mnafika Daraja la Tower, lililofunguliwa mwaka 1894 na ambalo hadi leo hunyanyuka kupitisha meli. Ratiba ya kunyanyuka hutangazwa kabla, ipangieni saa. Ng'ambo yake ni Mnara wa London wenye kunguru wake, wanaotunzwa kwa sababu hadithi husema wakiondoka ufalme utaanguka. Tiketi za Mnara ni ghali, na humo ndani kuna mawe na ngazi nyingi. Bibi akichoka, na abaki na mmoja wenu kando ya mto. Safari hii, mmoja huyo asiwe wewe kila mara.

Kijana wako wa miaka 15 namwonea huruma kidogo. Katika safari za namna hii wadogo hupewa wanyama, wakubwa hupewa historia, na wa umri wake huambiwa aangalie wenzake. Mpelekeni Rotherhithe yeye na baba yake, hata kama wengine mtapumzika. Pale mtoni ipo pabu ya The Mayflower, karibu na mahali ambapo jahazi la jina hilo liliondokea mwaka 1620 katika safari iliyoishia Marekani. Hatua chache kutoka hapo ni makumbusho ya Brunel. Marc Brunel na mwanawe Isambard walianza mwaka 1825 kuchimba njia chini ya Mto Thames, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanikisha chini ya mto unaopitisha meli. Mwaka 1828 maji yaliwavamia, na Isambard, kijana wa miaka 21, akanusurika kifo. Njia ilifunguliwa 1843. Treni zinapita humo mpaka leo: mkipanda Rotherhithe na kushuka Wapping, mmepita ndani ya kazi ya baba na mwana. Ni stesheni za kale zenye ngazi, hivyo bibi aachwe apumzike siku hiyo.

Huko ndiko mumeo amjibu kijana swali la bia. Ajibiwe wazi. Uingereza pombe huuzwa kwa mtu wa miaka 18 na kuendelea. Wa miaka 16 au 17 anaweza kunywa bia, divai au saida (kileo cha matufaha) pamoja na chakula mezani, ikinunuliwa na mtu mzima aliye naye. Yeye ana 15, kwa hiyo jibu la pabu ni hapana. Lakini sheria peke yake haitamtosha mtoto anayeuliza. Baba amwambie kwa nini yeye anakunywa, anakunywa kiasi gani, anaacha wapi, na kwa nini mama yake ameamua kutokunywa. Nyumba yenye wazazi wawili wenye uamuzi tofauti, na wote wanaheshimiana, ina cha kumfundisha.

Kwa siku moja ya makumbusho, nendeni South Kensington. Makumbusho ya Historia ya Asili hayana kiingilio, na kwenye ukumbi wake mkuu inaning'inia mifupa yote ya nyangumi wa buluu, urefu wa mita 25. Siku hiyo pabu hakuna, na mumeo ashinde nanyi. Siku ya Greenwich nendeni kwa boti: kuna jahazi la Cutty Sark la mwaka 1869, makumbusho ya bahari yasiyo na kiingilio, na kilimani ule mstari wa longitudo sifuri. Kando ya mto pale ipo Trafalgar Tavern, iliyofunguliwa mwaka 1837, ambako bibi ataangalia boti kutoka dirishani bila kupanda kilima chochote.

Mama mkwe usimdanganye kwamba hizo si sehemu za pombe. Mwambie: "Mama, ni nyumba za kale zinazouza chakula na pombe. Tutaingia mchana kula, na hakuna atakayekulazimisha." Akikataa kabisa, aheshimiwe; siku hiyo mmoja wenu ale naye mgahawani. Akikubali, zipo tahadhari ambazo wengi hawazijui. Samaki wengi wa pabu huchovywa kwenye unga uliokorogwa kwa bia, na ile pai ya nyama mara nyingi mchuzi wake umepikwa kwa bia pia. Ulizeni kabla ya kuagiza. Hata chupa zinazoitwa hazina kilevi, baadhi yake zina asilimia 0.5, kwa hiyo anayejizuia kwa imani asome maandishi, atafute iliyoandikwa 0.0, au achukue soda. Maji ya bomba ni bure; sheria inaitaka pabu itoe.

Mambo madogo ya kukuondolea fadhaa. Pabu nyingi hakuna wa kuja mezani: shikeni meza, someni namba yake, mtu mmoja aende kaunta kuagiza na kulipa hapohapo. Jikoni kwingine hufungwa kati ya chakula cha mchana na cha jioni, hivyo kufika saa kumi alasiri na watoto wenye njaa ni kujitafutia machozi. Mko sita na ni Agosti, pigeni simu mshike meza mapema, na muulize papo hapo watoto wanaruhusiwa hadi saa ngapi. Mabasi hayapokei pesa taslimu, lakini yana sakafu ya chini na ni rafiki wa magoti kuliko treni za chini ya ardhi. Mdogo hatalipa nauli ya basi wala ya treni hizo akiwa nanyi. Hao wawili wa miaka 11 na 15, mwombeni mfanyakazi wa stesheni awawekee punguzo la wageni vijana kwenye Oyster, kadi ya kulipia nauli.

Barabarani wape watoto mchezo wa kutafuta vibao vya pabu. Mwaka 1393 Mfalme Richard wa Pili aliwaamuru wauza pombe waweke alama nje, na desturi imebaki. Wahesabu simba wekundu na mataji. Wakikuta mti wa mwaloni, baba awasimulie Charles wa Pili alivyojificha juu ya mwaloni mwaka 1651 baada ya kushindwa vitani Worcester.

Sasa jioni. Mpe mumeo jioni moja kamili ya peke yake, bila kinyongo na bila simu za "uko wapi". Achague pabu anayoipenda kuliko zote na akae mpaka ashibe. Nawe uchukue jioni yako moja kamili, yeye abaki hotelini na watoto watatu na mama yake, awaogeshe, awalaze. Utakwenda wapi ni juu yako. Ukitaka kutembea tu kando ya mto bila mkono wa mtoto mkononi mwako, tembea. Jioni yako iwe ya kwanza. Ikiwekwa mwisho, kutazuka uchovu au mvua, nawe kwa jinsi ninavyokusoma utasema haidhuru.

Zile pabu nyingine za orodha zibaki kwenye friji. Na huyo wa miaka sita, siku ya Fleet, msimsahau: nyuma ya Cheshire Cheese kuna kiwanja kidogo kiitwacho Gough Square, mbele ya nyumba ya Samuel Johnson aliyechapisha kamusi yake mwaka 1755. Pale amewekewa sanamu paka wake, Hodge, ameketi juu ya kamusi na maganda ya chaza kando yake. Mwambie kuna paka anamsubiri London, na baba yake ndiye atakayempeleka.

Shangazi